Jinsi ya kuandika maelezo ya bidhaa za mikono ili mnunuzi wa mtandaoni asiulize mara mbili wala kurudisha mzigo

Kila mara naombwa nitazame ukurasa wa mtu anayeuza vikapu, mikeka au shanga mtandaoni, na kosa ni lile lile. Picha inavutia, kazi ya mkono ni safi, halafu chini yake imeandikwa: "Kikapu kizuri sana, imara, bei poa, karibuni." Mnunuzi anauliza ukubwa, anajibiwa "cha kutosha". Anauliza kama rangi inachuja, hapati jibu. Anakwenda zake. Au ananunua hivyo hivyo, mzigo unafika, anaona si alichokitarajia, na sasa anadai pesa yake.

Anayenunua sokoni Bombo, mji wetu hapa Uganda, au kwenye vibanda vya Buganda Road pale Kampala, hana haja ya maandishi. Anakiinua kikapu, anabonyeza kitako, anatia mkono ndani, anakinusa kama kina ukungu. Wa mtandaoni hawezi hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo maandishi yako yanapaswa kumfanyia kazi hiyo yote ya mkono, jicho na pua. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Wengi huanza na kichwa cha bidhaa, ndiyo maana wanakwama. Hapa kichwa kinakuja hatua ya nne.

## Vitu vya kuandaa

- Bidhaa yenyewe, iwe mbele yako. Usiandike kwa kumbukumbu wala kwa kutazama picha.
- Futi kamba ya fundi cherehani, yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Ile ya chuma haikai vizuri kwenye tumbo la kikapu.
- Mizani inayosoma gramu. Kama huna, mwenye duka atakupimia kwa dakika moja.
- Kitambaa cheupe cha pamba na maji kidogo.
- Daftari na kalamu.
- Simu yenye kamera.
- Mtu mmoja ambaye hajakiona kitu unachokiuza. Kazi yake iko mwishoni.

Bidhaa ya kwanza itakuchukua saa nzima. Ya kumi, robo saa.

## Hatua ya 1: Pima

Niliwahi kuandika "kawa kubwa". Kwetu Wanubi wa Bombo kawa tunaiita tabaga, na kazi yake ni kufunika sinia la chakula. Ile ilikuwa kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo siku ile, kwa hiyo kwangu mimi neno lilikuwa la kweli. Dada mmoja wa Nairobi akainunua kwa ajili ya harusi. Kawa ilikuwa na kipenyo cha sentimita 38, sinia lake lilikuwa la sentimita 50. Wali ukabaki wazi pembeni, pande zote. Nilimrudishia pesa yake na gharama ya basi juu yake, na neno "kubwa" likatoka kabisa kwenye maandishi yangu.

Pima hivi, kulingana na kitu:

- Kikapu: kipenyo cha mdomo, kipenyo cha kitako, kimo bila mshikio, kimo pamoja na mshikio.
- Begi: upana, kimo, kina, na urefu wa mkanda. Sema kama mkanda unaingia begani au ni wa kushika mkononi tu.
- Mkeka: urefu na upana, kwa futi na kwa sentimita. Mteja wa Kampala anafikiri kwa futi, wa Ujerumani kwa sentimita. Mkeka wa futi 6 kwa 4 ni sentimita 183 kwa 122.
- Mkufu: urefu wote ukiwa umefunguliwa, na unene wa shanga moja. Bangili: mzunguko wa ndani.
- Ndara za ngozi: namba ya kiatu pamoja na urefu wa soli ya ndani kwa sentimita, maana namba hutofautiana nchi kwa nchi.
- Ngoma: kipenyo cha uso, kimo na uzito.

Pima sehemu mbili tofauti kila mara. Kitu cha mkono si duara kamili. Mdomo wa kikapu unaweza kuwa sentimita 30 ukipima huku na 31 ukipima kule. Andika "sm 30–31". Ukiandika 30 peke yake, mtu aliyepima rafu yake atakulaumu, na atakuwa na haki.

Kisha ongeza mfano mmoja unaoeleweka popote duniani: "linaingia karatasi za A4 bila kukunja", "kinabeba chupa mbili za lita moja zikiwa zimesimama". Epuka mfano wa kwetu tu. "Kinaingia mkungu mdogo wa matoke" ni sahihi, lakini mtu wa Oslo hajui mkungu mdogo ni upi.

Mwisho, pima bidhaa ikiwa imefungwa kwa safari, urefu, upana na kimo cha boksi. Hapa ndipo watu wanapoteza faida yote. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka kwa ndege hazitozi uzito wa mizani peke yake. Huzidisha vipimo vitatu vya boksi kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, na jibu wanaliita kilo. Kisha hutoza ule uzito ulio mkubwa. Kawa ya sentimita 52 ina gramu 650 tu. Iweke kwenye boksi la 55 × 55 × 20: ni 60,500, gawanya kwa 5,000, unatozwa kilo 12.1. Lakini kawa tatu zinapandana kama sufuria. Boksi la 55 × 55 × 26 linakuwa kilo 15.7 kwa zote tatu, yaani kama kilo 5 na kidogo kila moja. Ukilijua hilo kabla ya kuandika, utauza seti ya tatu badala ya kawa moja moja.

Umefaulu ikiwa: mtu anaweza kukata kipande cha karatasi chenye ukubwa wa bidhaa yako kwa kusoma tu.

## Hatua ya 2: Taja malighafi, tabaka kwa tabaka

"Imetengenezwa kwa vitu vya asili" haimwambii mtu chochote. Kikapu cha kuzungusha kina kiini ndani na uzi unaokifunika juu, na mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Andika vyote: "Kiini ni byayi, yaani maganda makavu ya mgomba. Juu imezungushiwa rafia, nyuzi za majani ya mwale, iliyotiwa rangi." Mkeka, sema kama ni ensansa, makuti machanga ya mkindu, au ni plastiki ya kusuka. Plastiki si aibu. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kuitaka hasa kwa sababu inaoshwa kwa maji. Aibu ni kuificha.

Shanga za karatasi: karatasi, gundi, vanishi. Taja na uzi ulioshika shanga na chuma cha kufungia, kwa sababu wapo ambao ngozi yao haivumilii nikeli.

Nguo ya gome, ile lubugo ya Baganda, inataka uangalifu wa pekee kwa sababu wateja wengi hawajawahi kuigusa. Eleza kwa ufupi: ni gome la ndani la mti wa mutuba, hubanduliwa msimu wa mvua, hupondwa kwa nyundo za mti hadi lipanuke na kulainika. Mti haukatwi, hufungwa majani ya mgomba na gome huota tena. Sentensi hizo mbili zinajibu swali la kila anayeogopa kwamba ananunua uharibifu wa msitu. Na tahadhari: UNESCO iliutambua utengenezaji wa nguo ya gome mwaka 2005, ukaingia kwenye Orodha Wakilishi ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Kilichotambuliwa ni ufundi. Usiandike "begi lililoidhinishwa na UNESCO". Halijaidhinishwa, na mteja anayejua atakuona mwongo katika mambo mengine yote.

Vivyo hivyo asili ya kitu. Vinyago vingi vya jiwe laini vinavyouzwa Kampala vimechongwa Kisii, Kenya. Viuze, lakini andika Kisii.

### Jaribio la rangi

Lowesha kitambaa cheupe, kikamue, kisugue mara kumi kwenye sehemu yenye rangi kali zaidi. Kikibaki cheupe, andika "rangi haikutoka tulipoisugua kwa kitambaa chenye unyevu". Kikishika rangi, andika hivyo pia: "Rangi nyekundu hutoka kidogo ikilowa, usiweke juu ya kitambaa cheupe." Mteja akisoma hivyo hakimbii, anachokikimbia ni kulikuta doa kwenye shuka lake.

Tahadhari: usiandike "salama kwa chakula" kwa kikapu chenye rangi ya unga ya dukani au chochote kilichopakwa vanishi, kama huna uthibitisho. Andika unachokijua: "kwa mkate, matunda yenye ganda, au chakula kilichofungwa". Na shanga ni ndogo. Andika wazi kwamba si kitu cha kuchezea watoto chini ya miaka 3, zinaweza kuwakaba.

## Hatua ya 3: Sema tofauti na kasoro kabla hazijaonekana

Nguo ya gome hutobokatoboka inapopondwa, na fundi huziba matundu kwa viraka vya kushona kwa mkono. Kwa anayeijua, kiraka kilichoshonwa vizuri ni alama ya fundi mwangalifu. Kwa mgeni, ni nguo kuukuu. Andika: "Kipande hiki kina viraka vitatu vya kushona, kikubwa ni sm 4. Ndivyo nguo ya gome inavyotengenezwa." Weka na picha yake.

Kama kila kikapu kinatofautiana kidogo, sema tofauti ni kiasi gani: "kipenyo huweza kuzidi au kupungua kwa sm 1, na mpangilio wa rangi si ule ule." Kusema tu "kila kimoja ni cha kipekee" hakusaidii, kwa sababu mteja hajui kama upekee ni wa uzi mmoja au wa rangi nzima.

Kuna mstari hapa. Tofauti ya mkono unaieleza. Kitako kinachoyumba mezani unakirekebisha, au hukiuzi.

## Hatua ya 4: Sasa andika kichwa

Mpangilio: kitu, malighafi, matumizi, kipimo kimoja kikuu. Mtafutaji anaandika jina la kitu, hatafuti sifa. Hakuna anayeandika "kizuri" akitafuta kikapu.

Kibaya: "Mzigo mpya!!! Kikapu kikali cha Kiafrika, wahi chako"

Kizuri: "Kikapu cha matunda cha mezani, rafia na byayi, nyeusi na nyeupe, sm 30"

Maneno matano ya kwanza ndiyo yenye kazi, kwa sababu simu hukata kichwa kirefu. Majukwaa yana vikomo vyake. Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono, kwa mfano, hukubali herufi 140 za kichwa na tagi 13, yaani maneno ya kutafutia. Usijaze kwa sababu tu nafasi ipo.

Kama kitu kina jina la kwetu, liweke baada ya jina la kazi yake: "Kifuniko cha chakula cha kusuka (kawa)". Ukianza na "kawa" peke yake, asiyejua Kiswahili hatafika. Ukiliacha kabisa, dada wa Mombasa anayeitafuta kwa jina lake hatakuona.

Ukitumia programu ya kutafsiri kwenda Kiingereza au Kijerumani, mpe mtu anayeijua lugha hiyo asome majina ya vitu na vipimo. Mengine yakikosewa kidogo yatasameheka; hayo hayasameheki.

## Hatua ya 5: Maelezo yenyewe

Sentensi mbili za kwanza zijibu: hiki ni nini, na mtu atakitumiaje nyumbani kwake? Kisha vipimo, malighafi, tofauti, kila kimoja kwenye mstari wake. Habari za msukaji ziwe mwishoni, sentensi mbili au tatu, na ziwe za kazi: anasukia wapi, siku ngapi kwa kipande kimoja, amejifunza kwa nani. Nimechoka kusoma maelezo yanayomtaja mama wa watu kama maskini wa kuhurumiwa. Yeye ni fundi. Mwandike kama fundi, na umwombe ruhusa kabla ya kuweka jina au picha yake.

Hivi ndivyo kawa yangu inavyoandikwa leo:

> Kifuniko cha chakula cha kusuka (kawa), rafia, rangi tatu, kipenyo sm 52
>
> Kawa ya kufunika sinia la wali au pilau mezani, nzi wasitue na chakula kisipoe upesi. Ikiwa haina kazi, inatundikwa ukutani kwa kitanzi kilichoko nyuma.
>
> Kipenyo: sm 51–52. Kimo: sm 18. Inafunika sinia la hadi sm 50. Uzito: gramu 650.
>
> Kiini: majani makavu. Juu: rafia iliyotiwa rangi ya unga, nyekundu, kijani na rangi ya asili.
>
> Rangi nyekundu hutoka kidogo ikilowa. Isiguse chakula chenye mchuzi.
>
> Matunzo: futa kwa kitambaa kikavu. Usiioshe. Isikae juani siku nyingi, itapauka.
>
> Imesukwa Bombo, wilaya ya Luwero, Uganda.

Hakuna neno "zuri" hata moja, na tangu niandike hivi maswali ya ukubwa yamekwisha.

## Hatua ya 6: Matunzo

Fupi, na useme kwa nini. Rafia na byayi vikilowa na kufungiwa hushika ukungu, kwa hiyo "kikilowa, kianike kivulini penye upepo". Nguo ya gome haifuliwi, italegea. Vumbi hupigwa kwa brashi laini. Mkeka unakunjwa kwa kuviringishwa. Ukikunjwa kama shuka, makuti hukatika kwenye mkunjo. Shanga za karatasi zivuliwe kabla ya kuoga.

## Hatua ya 7: Bei, muda na safari

Andika bei ni ya nini: kimoja au seti, pamoja na usafiri au bila. "Inbox kwa bei" hufukuza wateja zaidi ya bei kubwa.

Tenganisha siku za kutengeneza na siku za safari. "Ipo tayari, inatoka Kampala ndani ya siku 2" si sawa na "inasukwa ukiagiza, siku 14, kisha safari". Msimu wa mvua ongeza siku, kwani rafia iliyotiwa rangi inachelewa kukauka, na ukiifunga mbichi itafika na ukungu.

Kwa anayeuza nje ya Afrika Mashariki kuna mawili zaidi. Pembe za ng'ombe wa Ankole, ngozi, manyoya, kauri za baharini na mimea isiyochakatwa huweza kudaiwa cheti nchi inapoingia. Taja malighafi hizo wazi kabisa na umwombe mteja aulize forodha ya kwao kabla ya kulipa. Na kwa Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 13 Desemba 2024 kanuni ya usalama wa bidhaa inataka tangazo la mtandaoni lionyeshe jina na anwani ya mtengenezaji, mtu au kampuni ya kuwajibika iliyoko ndani ya Umoja huo, picha, na maonyo ya usalama. Usiruhusu oda ya huko kabla hujayajaza.

Sema pia utafanya nini kitu kikifika kimevunjika: siku ngapi za kukujulisha, picha zipi unataka, nani analipa kurudisha.

## Hatua ya 8: Picha zithibitishe maneno

Piga asubuhi au alasiri, barazani kwenye kivuli. Jua letu la saa sita liko utosini, linachoma rangi na kutia kivuli cheusi chini ya kitu. Picha tano zinatosha: kitu kizima; kikiwa mkononi mwa mtu au juu ya meza ili ukubwa uonekane; msuko kwa karibu; kitako; na kasoro uliyoitaja. Usitumie kichujio cha rangi. Na usichukue picha ya kikapu cha jana kuuza cha leo.

## Hatua ya 9: Msomee asiyekiona

Hatua hii ndiyo watu huiruka, nami sitaki uiruke. Nilikuwa na kikapu cha nguo chafu, nikamwita Hajati, jirani yetu, akae akikipa mgongo. Nikamsomea: "Kikapu cha nguo, kirefu, chenye mfuniko."

"Nionyeshe kimo chake, Hajati."

Akainama, akaweka kiganja chini kidogo ya goti lake. Kikapu kilikuwa sentimita 65, kingemfika katikati ya paja.

"Umesema kirefu, mwanangu. Hukusema kirefu kama nini."

Nikaongeza kipimo, nikamsomea tena. Safari hii kiganja kilikaa karibu kabisa na ukweli. Akauliza kama mfuniko umeshonwa au unatoka wote. Sikuwa nimeandika, nikaandika. Akauliza kama panya atautafuna. Hilo sikuliandika, lakini nilirudi kusuka pindo la mfuniko likaze zaidi.

Msomee mtu wako mara moja, bila kueleza nje ya maandishi. Kila swali atakalouliza ni mstari unaokosekana. Ukisoma na asiwe na la kuuliza isipokuwa bei, chapisha.

Ukishachapisha, weka ukurasa mmoja wa daftari kwa maswali ya wateja na tarehe zake. Swali likija mara ya pili, usilijibu tu kwenye ujumbe. Lifungulie mstari kwenye maelezo siku hiyo hiyo, kisha pitia bidhaa zako nyingine zenye pengo hilo hilo.